Msiba wa Ami Kikapu

Mtaa wa Ngazi, Nyumba Na. 14,
Oran.
9 Novemba 2013

Mpendwa Wifi Zulikha,

Pokea salamu zangu na za nyumba nzima. Goti lako linaendeleaje na hiyo baridi ya Marseille? Usilipandishe ngazi bure, na dawa ya presha meza kila siku, si siku ile tu unayopata kizunguzungu. Sisi huku miili ni mizima. Kaka yako Miludi jicho la kushoto limeshasafishwa na linaona. Mkono wa kulia ndio unaotetemeka, hata kikombe cha kahawa anakishika kwa mikono miwili.

Uliniuliza kwenye simu mbona nimenyamaza ulipomtaja mwanao Reduani. Nilinyamaza kwa sababu ningefungua kinywa ningepiga kelele, na ukuta wetu na wa jirani unaujua ulivyo mwembamba. Basi keti, usome.

Wewe ulishaolewa huko ng'ambo Miludi alipoanza, kwa hiyo mengine hukuyaona. Alikuwa akichora mabango ya sinema, nywele zimejaa rangi, mama yenu anamfukuza asiguse mito. Mwaka 1981 gazeti likampa nafasi ya vibonzo ukurasa wa mwisho, vyumba vinne vya picha kila siku isipokuwa Ijumaa. Akamchora Ami Kikapu, mzee mwembamba anayekwenda sokoni na kikapu kikubwa na kurudi na vitunguu viwili, akisalimia watu njia nzima kana kwamba kabeba kondoo. Watu walicheka miaka thelathini na miwili bila kujua kuwa yule ni baba yenu, Ben Auda, Mungu amrehemu. Mimi na wewe tulijua. Ile shingo ni yake, na ule mdomo wa kuficha aibu ni wake.

Miludi hakutajirika. Aliitwa kituo cha polisi mara mbili kwa ajili ya kibonzo cha foleni ya maziwa, akarudi akachora foleni nyingine. Nilimwona akichora siku tuliyomzika mtoto wetu wa kwanza, machozi yanadondoka juu ya wino, na kesho yake mji mzima ukacheka. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake.

Mwezi wa tatu mkono ulipokataa kabisa, gazeti likampa kazi Reduani. Nilifurahi, nisikufiche. Tangu atoke kwako huko Marseille, miaka sita amekula mezani kwangu huku mjomba wake akimfundisha kushika kalamu. Nikasema afadhali kimebaki ndani ya nyumba.

Kisha likaja suala la soko letu. Wanataka kulivunja wajenge jumba la maduka ya vioo, na mwenye jumba ni rafiki wa mwenye gazeti. Wachuuzi wakagoma, wakalala mbele ya matingatinga, na mimi nikawapelekea mkate. Asubuhi moja nafungua gazeti, nani anawatukana? Ami Kikapu! Ameziba pua, anasema, "Wachuuzi hawa inzi wamewazidi akili. Wafagiliwe!" Wifi, baba yako, aliyekopeshwa nyanya na watu wale wale kwa miaka arobaini, anawaweka chini ya inzi! Kesho yake akawageukia wanawake wanaopeleka mkate. Nilisikia kinyaa kama niliyemkuta panya kwenye sufuria ya mchuzi.

Nikaenda kununua dagaa. Kuider muuza samaki, unamkumbuka, yule mwenye sauti ya tarumbeta, akafunika sinia.

"Kwako hakuna samaki, Bibi Yamina. Mwambie mumeo akukaangie gazeti."

"Kuider, si yeye anayechora sasa!"

"Jina chini ni la nani?"

Nikatazama. Kweli, jina la Miludi lilikuwa bado pale chini. Nikarudi na kikapu kitupu, na safari hii hakuna aliyecheka.

Tukaenda gazetini mimi na Miludi. Mhariri ni bwana wa vidole laini, ananukia kama harusi. Miludi hakuomba arudishiwe kazi. Aliomba kitu kimoja tu.

"Niacheni nimfishe. Nimchore mara moja tu, afe kwa heshima."

Mhariri akacheka mpaka akakohoa. "Hajji, mtu wa wino hafi! Tena si wako. Ulitia saini mwenyewe, mwaka themanini na moja."

Nikamgeukia mwanao, aliyekuwa mezani kainamisha kichwa. "Reduani, na wewe huna la kusema? Yule ni babu yako."

Akajibu bila kuinua macho: "Mimi nalipwa kuchora. Silipwi kufikiri."

Ningempiga kofi, lakini Miludi alinishika mkono, akanitoa nje.

Nyumbani akajifungia siku tisa akichora. Mistari ilitoka imepinda kama njia ya sisimizi. Ami Kikapu anaingia sokoni, watu wanampa kisogo. Anaonyeshwa gazeti, anasoma aliyoyasema. Anataka kujibu, mdomo unafunguka, maneno hayatoki. Anaufunga. Anaketi juu ya kreti la samaki, anajifunika uso kwa kikapu, anakata roho. Miludi akatoa kopi, akazibandika mwenyewe sokoni, kwenye nguzo na milangoni.

Wifi, watu walikuja nyumbani kuhani! Kuider alitangulia na sinia la dagaa kichwani, analia waziwazi. "Bwana Miludi, Mungu akupe subira. Na mimi unisamehe." Wanawake wakaleta kuskusi, mtu akaleta viti, watu wakajaa mpaka kwenye ngazi, wanamzungumzia marehemu kana kwamba waliwahi kumshika mkono. Kaka yako alikaa katikati yao, na nilimwona amenyooka mgongo.

Siku ya tatu mhariri naye akaja, kaleta mpiga picha. Akatoa pole, akapigwa picha amemkumbatia Miludi, akakaa akala. Alimaliza paja zima la kondoo, akajifuta mafuta kwa mkate wetu. Sahani ile sijaitumia tena.

Mwanao alikuja siku ya nne, watu walipotawanyika. Nilidhani amekuja kuomba radhi, nikamfungulia. Akamwambia mjomba wake, "Ule mdomo anapoufunga, umeuchoraje? Mimi nashindwa."

Nilingoja Miludi amfukuze. Hakumfukuza. Alimvutia kiti. Akaushika mkono wa kijana kwa mkono wake ule wa kutetemeka, wakauchora mdomo pamoja, mara tano, mara kumi. Nilitoka nikasimama uani.

Jumatatu gazeti likatoka. Ami Kikapu kafufuka, amesimama mbele ya jumba la vioo, kikapu kimejaa, amefunga mdomo kwa furaha. Mdomo wa baba yenu hasa, usio na kasoro. Na wachuuzi wameshaanza kuhamishwa.

Nikalitupa gazeti mbele ya Miludi. "Haya, tazama mwanafunzi wako!"

Alilisogeza kwenye jicho la kushoto, akalitazama muda mrefu. Halafu akasema taratibu, "Mdomo kaupata."

Na alikuwa anatabasamu, Zulikha.

Sitaki umlaani Reduani, laana ya mama ni nzito. Ila usinitumie tena salamu zake, na usiniambie ni kijana tu. Ana miaka thelathini na moja.

Nisalimie mumeo Tayebu, na binti yako Nawali na wanawe. Miludi anakusalimu. Hajui ninayoyaandika. Mungu akulinde ugenini, akuponye goti, na atukutanishe tukiwa bado tunaweza kutazamana usoni.

Ni mimi wifi yako, ninayekupenda hata kwa hasira hizi,

Yamina