Daktari wa Kitabu Changu

Jumapili

Haya, nimekula. Nimekula kuku ukweni Iguhu, firigisi na yote. Nani hukataa jogoo aliyechinjwa kwa ajili yake?

Nyumba yangu haijanusa nyama wiki tatu, tangu ninunue kile kitabu cha daktari anayesema walaji nyama wanaharibu hali ya hewa. Leo nilikibeba kabisa, nijitetee nacho. Baba mkwe akaniuliza polepole, "Mwalimu, huyo daktari ni wa nini?"

Sikujua. Nikageuza jalada la nyuma. Daktari wa meno.

"Wa meno," mzee akasema, akinisogezea sahani. "Halafu anakataza watu kutafuna."

Nilisikia nafuu ya ajabu. Nikatangaza kwamba mtu wa meno hawezi kujua mambo ya mvua, nikanawa mikono.

Kinachonisumbua sasa ni kwamba huenda anasema kweli. Hoja zake sikuzipima. Nilipima kazi yake tu, tena kuku akiwa tayari ananukia mezani.

Tulipofika nyumbani mke wangu akaniuliza, "Baba Ivy, wiki tatu umetulisha maharagwe. Hilo jalada la nyuma lilikuwa wapi?"