Koo Langu Limeangusha Kwaya Nzima

Mpendwa Mama Agnela, shikamoo. Naomba unisaidie, maana nimeshakwenda hospitali, daktari akalimulika koo langu kwa tochi akasema ni zima kabisa, na mimi nilitarajia angalau aniandikie dawa ya kulituliza.

Naitwa Lesian, ni Mwarusha wa Terrat, naishi Sombetini na mke wangu Lilian, Mmeru, na kazi yangu ni kuchomelea mageti na madirisha. Ila ukiniuliza mimi ni nani sikwambii fundi, nakwambia mimi ni sauti ya nne, maana kwaya ya usharika wetu ndiyo iliyonifanya nijulikane hapa mjini, ndiko nilikompata Lilian ambaye anaimba sauti ya kwanza, na mwalimu wa kwaya ni Frederick, kaka yake Lilian, kwa hiyo ujue kabisa kwamba shida yangu ikianzia kanisani, nikifika nyumbani naikuta imeshakaa mezani inakunywa chai.

Shida ni hii. Nilipokuwa kijana kule Terrat tulikuwa tunaimba na wenzangu wa rika, mmoja anaongoza, sisi tunanguruma kooni, hoo-umm, kifua kinakwenda mbele, kichwa kinarudi nyuma, na wimbo ukikolea mtu anaruka. Nilidhani hayo niliyaacha nilipovaa suti ya kwaya. Kumbe koo halikuacha. Kwenye mazoezi wimbo ukipanda tu linaanza lenyewe, hoo-umm, na Frederick ananyanyua mkono anauliza, "Nani amewasha mashine ya kusaga?" Wenzangu wanacheka, na mimi nacheka nao ili nisijulikane, ingawa kila mtu anajua.

Mwezi uliopita tukaenda mashindano ya kwaya. Frederick akanivuta pembeni akaniambia, "Shemeji, nakuomba kwa heshima, leo imba kama Mlutheri." Nikamwahidi. Tukapanda kwenye jukwaa la ngazi za mbao, sisi sauti ya nne juu kabisa, sauti ya kwanza chini mbele, na beti za mwanzo nikaziimba vizuri, mikono ubavuni, lakini ubeti wa mwisho ulikuwa unasema habari za kufufuka, na Mama, mimi nilimzika baba mwaka huu, sauti ikanijaa kifuani, nikasikia koo limefunguka na miguu haigusi tena mbao. Niliruka mara moja tu. Nilipotua ubao ukakatika, nikamwangukia mtu wa sauti ya tatu, naye akamwangukia wa sauti ya pili, mstari kwa mstari tukamwagika kama mahindi kutoka kwenye gunia mpaka miguuni kwa majaji, na aliyekuwa chini ya wote ni Lilian, kifundo cha mguu kimeteguka. Wazee wawili waliobaki wima ndio waliomalizia wimbo. Tukawa wa mwisho.

Frederick hakunifokea, na afadhali angenifokea. Alisema tu, "Shemeji, chagua. Usimame na sisi bila kutoa sauti, au ukakae na waumini." Tangu hapo nasimama mstarini nachezesha midomo, hakitoki kitu. Nyumbani Lilian ananijibu "ndiyo" na "hapana" basi. Nikasema nirudi kwetu, wanakonielewa. Nikaenda Terrat kwenye harusi ya binamu yangu Lengai, nikaingia kwenye duara la wanaume, wakaanza wimbo, na mimi nikabaki nimesimama mikono ubavuni, namtazama kiongozi nikisubiri anipe ishara ya kuingia. Lengai akaniangalia, akauliza mbele za watu, "Huyu mchungaji nani amemwalika?" Walicheka, mpaka mama yangu mzazi akacheka.

Sasa kanisani mimi ni Mwarusha, na kwa Waarusha wenzangu mimi ni mchungaji. Nimekunywa maji ya ndimu, nimetafuna tangawizi mbichi, nimezungusha skafu shingoni kwenye jua la mchana, koo halitulii, linanguruma hata nikioga, jirani ameuliza kama tumenunua pampu ya maji. Nimeamua niache kuimba kabisa, kotekote, ila nikishaamua hivyo sijui nitakuwa nani. Nifanye nini?

Lesian, Sombetini

Marahaba, Lesian.

Pole kwa msiba wa baba. Naanza na hilo kwa sababu wewe umelificha katikati ya sentensi, karibu na ubao uliokatika, kama kitu kidogo. Si kidogo. Sasa nikugombeze.

Koo lako halijavunja chochote. Miguu ndiyo iliyovunja. Daktari alikwambia ukweli, wewe ukakimbilia ndimu. Tena usilisingizie kabila lako. Ni wapi huko Terrat ambako mtu anaruka tu akijisikia? Kule nako kuna kiongozi, na mrukaji anasubiri wimbo umwite. Ungeruka vile kwenye harusi ya Lengai, wangekutoa nje vilevile. Frederick alikuomba kwa heshima, ukaahidi, halafu ukamshushia kwaya nzima mbele ya majaji.

Lakini naye amekosea, na umwambie mimi nimesema. Kumsimamisha mtu mbele ya madhabahu achezeshe midomo bila sauti ni uongo, hata kama umevaa sare.

Kwa hiyo fanya hivi. Wewe ni fundi wa kuchomelea: tengeneza jukwaa la chuma, usisubiri kuombwa. Kisha mfuate shemeji yako nyumbani kwake, mkiwa wawili tu, umwombe wimbo mmoja ambao ngurumo yako itapangiwa nafasi, ijue inapoanza na inapokoma. Atakataa. Mwimbie palepale sebuleni, bila kuruka, mfikirie baba yako. Nyimbo nyingine zote imba kama anavyofundisha na usinung'unike. Terrat rudi pia, mwambie Lengai akuanzishe polepole, uchekwe, uendelee. Hakuna aliyekufa kwa kuchekwa na mama yake. Unaniuliza utakuwa nani? Utakuwa mtu mwenye sehemu mbili za kuimbia. Wengi wanaoniandikia hawana hata moja.

Ila kabla ya yote, ule mguu. Umeandika barua nzima hukunieleza mkeo anatembeaje. Leo jioni chemsha maji, mkande Lilian kifundo, na wakati unamkanda usizungumzie muziki.

Na wewe Lilian, najua Sombetini gazeti hili linasomwa. Una haki ya kukasirika. Lakini mlikutana kwaya, lile koo ulilisikia kabla hajaleta posa, na bado ukakubali. Sasa mwenyewe anataka kulinyamazisha moja kwa moja. Kama utaikosa ile sauti, mwambie leo, kwa mdomo wako. Asiisome kwangu.