Mkato wa Tatu

Jumatatu, 8 Septemba 1952
Mitungi mitatu kabla ya jua. Rukia mgongoni, analia. Meno. Hakulala usiku, nami sikulala. Kijiti cha kupimia maji bwawani nimekitazama: maji yako vidole vinne juu ya mkato wa tatu. Mto umekauka juu na chini, limebaki bwawa hili tu, na samaki wetu, ningu wote waliobaki, wamo humo. Tulikubaliana wanawake wote: kumwagilia kwa zamu, kuvua hapana, na maji yasishuke mkato wa tatu mpaka mvua. Kwetu Narung'ombe walimwagilia mpaka bwawa likabaki tope, kisha wakatia utupa, sumu ya samaki, wakaokota hadi vitoto. Nilikuwa darasa la pili. Sijaona tena ningu kwetu.

Alhamisi, 11 Septemba
Zamu yetu asubuhi. Mume wangu Issa yuko kazini kambini Nachingwea, hurudi Jumamosi. Nimetoa kizibo cha udongo mferejini, maji yakaingia kwenye vitunguu. Nikakaa kivulini kumnyonyesha Rukia. Kidogo tu.
Nikalala.
Nimeamka jua limeinama. Maji yamepita vitunguu vyetu vyote, yameshuka hadi kwa Bi Asumini, yule mjane anayelima chini yetu. Nimeziba. Hakuna aliyeniona. Kijiti sikwenda kukitazama. Naogopa.

Ijumaa, 12 Septemba
Kidole kimoja. Kimebaki kidole kimoja tu juu ya mkato wa tatu. Mlinzi wa kijiti ni wifi Somoe, dada yake Issa. Ameita watu wote. Pembeni, kwenye tope, ningu wadogo wamekufa. Nilihesabu hadi kumi na saba, nikaacha. Wakakagua mashamba. Vitunguu vyetu kulowa si ajabu, jana ilikuwa zamu yetu. Kwa Bi Asumini madimbwi tele, na zamu yake ni Jumapili. Kasema hakufungua. Hakuna aliyemwamini. Nilikuwa nimesimama pale pale na mtoto mgongoni. Nimenyamaza. Najichukia.

Jumamosi, 13 Septemba
Issa amerudi. Nimemweleza kulekule shambani. Akang'oa magugu kwanza, mstari mzima. Kisha akasema ninyamaze. Vitunguu vimebakiza mwezi, na nguo za mwaka ziko humo. Nimemwambia kwamba Bi Asumini naye anavaa nguo. Akarudi kwenye magugu. Kesho wanaziba mfereji wa yule mama mpaka mvua. Atakula nini?
Nilipomzaa Rukia maziwa yalikataa. Ni Bi Asumini aliyenipikia mchuzi wa ningu, siku saba.

Jumapili, 14 Septemba
Walikuja na majembe. Bi Asumini amekaa chini, anatazama mtungi wake. Wifi kainua jembe. Nikasema, "Wifi, usizibe huo. Ziba wetu. Aliyelala ni mimi."
Wifi kashusha jembe.
"Tangu juzi, Hadija? Umemwacha mama wa watu anatukanwa tangu juzi?"
Nikasema ndiyo. Sikutaja meno ya mtoto wala usingizi. Udongo wa kwanza nimetia mwenyewe. Kisha wifi akasema, "Na kijiti utakisoma wewe kila asubuhi. Ulikwenda shule, au huko walikufundisha kulala?" Wakacheka. Bi Asumini hakucheka.
Issa kaondoka kwenda kambini bila kuniaga.

Jumanne, 23 Septemba
Vitunguu vimekuwa njano. Kisima cha mchangani sasa kinatoa mtungi mmoja asubuhi nzima, nao ni wa kunywa. Leo nilisimama bwawani na debe mkononi. Madebe mawili tu, nani angejua? Kijiti nakisoma mimi. Ningu mmoja mkubwa akageuka chini, nikauona ubavu wake.
Nimerudi na debe tupu.

Jumamosi, 4 Oktoba
Issa kang'oa vitunguu vilivyokufa. Vilivyopona vimejaa kikapu kimoja. Kaniuliza maji yako wapi leo kwenye kijiti. Nimemwambia. Basi, ndiyo maneno yetu ya leo.

Alhamisi, 30 Oktoba
Nusu kidole. Mifereji yote imezibwa sasa, hata wa wifi. Joto. Nimekuta bakuli la kisamvu mlangoni. Ni bakuli la Bi Asumini.

Ijumaa, 21 Novemba
Maji yamegusa mkato. Mawingu yamekuja, yamepita.

Jumatano, 10 Desemba
Mvua tangu juzi. Mto umeteremka leo asubuhi, mwekundu, umekichukua kijiti. Nilisimama ukingoni bila cha kusoma. Ningu wanapanda kwenda juu, migongo nje ya maji, wengi kuliko nilivyodhani. Hakuna aliyeshika wavu.
Bi Asumini alikuja akasimama karibu yangu. Tukatazama. Kisha akamfungua Rukia mgongoni mwangu, akamfunga mgongoni mwake.
"Nenda kalale," akasema.
Nimekwenda. Nimelala mpaka adhuhuri.