Mkunga na Mbwa wa Baba

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti limeacha kukusumbua kwenye ngazi za huko kwa dada. Sisi hapa hatujambo, isipokuwa mume wangu ana mafua na anajifanya mahututi. Mwambie dada salamu zake zimefika, na kitambaa alichonitumia nimeshakipeleka kwa fundi.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Uliuliza jambo moja tu la maana, na kama kawaida yako ukaliweka mwisho kabisa: Meneja bado yupo, au nimeshamtoa? Ukanionya nisije nikavuruga nyumba yangu kwa ajili ya mbwa, hata kama ni mbwa aliyeachwa na marehemu baba. Mama, kaa vizuri nikusimulie, maana ukisikia alichofanya mama mkwe utabaki mdomo wazi.

Unajua tulivyohamia kwake. Ua wake umejaa kuku, na tangu alipostaafu ukunga, kuku wale ndio mboni ya jicho lake. Basi Meneja alipofunguliwa tu, hakusalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwa mtetea mweusi, yule hodari wa kutaga, akamnyaka, kisha akaja kumlaza miguuni pangu huku anatikisa mkia, eti zawadi! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilimkumbatia yule mbwa palepale kwenye vumbi nikalia kama mtoto, kwa sababu nilijua amejifukuzisha mwenyewe, na kwamba kitu cha mwisho nilichobaki nacho cha baba kinaondoka.

Mume wangu alisema, kwa upole lakini alisema, kwamba tumpeleke kwa walinzi wa ghalani wanaotafuta mbwa. Jirani yetu, fundi baiskeli, akachungulia juu ya ukuta na kushauri tumfunge Meneja yule kuku mfu shingoni mpaka aoze, ndipo atakoma. Mama mkwe alikuwa amemshika kuku wake miguu. Halafu akamjibu fundi kwamba katika kazi yake yote hajawahi kumfundisha mtu chochote kwa kumvisha maiti. Akasema mbwa huyu hajafundishwa tu, na akaniambia nilete kamba.

Jamani, yule mama! Kwanza aliagiza Meneja atembezwe mpaka ulimi uning'inie, maana alisema mwenye nguvu za kumwaga hasikii la mtu. Kisha akakaa naye mbali na banda, kuku wakiwa ndani ya wavu, kamba ameizungusha mkononi. Meneja akiwakodolea kuku macho, haambiwi kitu. Akigeuza uso kumtazama yeye, hata kwa bahati mbaya, anapewa kipande cha ini la kuchemsha. Basi, ndiyo dawa yenyewe. Hakupiga wala hakufoka. Alipoona mwili wa mbwa umekaza, alimwambia kwa sauti ileile ya wodini: taratibu, pumua, usisukume kwanza. Mama, nilicheka mpaka nikaketi chini. Lakini mbwa alikuwa anapumua kweli!

Kila alipotulia walisogea karibu kidogo. Siku aliyochomoka na kuurukia wavu, mama mkwe hakununa. Alirudi naye nyuma mpaka mbali kabisa, wakaanza upya. Mume wangu, ambaye akishindwa kufungua kopo mara moja huligombeza, alikuwa anasimama dirishani akimtazama mama yake na kutikisa kichwa. Baadaye kuku walitolewa nje, Meneja amelala chini na kamba yake. Jogoo, yule jeuri mwenye kilemba chekundu, akamfuata na kumdonoa puani. Nilifumba macho. Nilipofumbua, Meneja alikuwa anamtazama mama mkwe kama karani anayeomba ruhusa ya kujibu. Siku hiyo alilishwa ini mpaka akacheua.

Hata hivyo mama mkwe hakumwamini haraka. Akienda msalani tu, mbwa anafungwa kwanza. Ilipita miezi ndipo kamba ikaachwa ikiburuzika chini, na mingine ndipo ikavuliwa. Leo hii vifaranga wanampanda mgongoni akilala, naye anavumilia kama gari la abiria.

Sasa sikiliza kilichotokea juzi. Mjomba wa mume wangu alikuja kututembelea, na ikaamuliwa yule jogoo achinjwe. Mume wangu akaingia uani na kisu, kamasi zinamtoka, akaanza kumfukuza. Meneja akaja akasimama katikati. Hakuuma wala hakubweka, alisimama tu kwa ubavu, na kila mume wangu alipozunguka, mbwa naye alizunguka. Tulikuwa tumemfundisha hadi tumepitiliza! Tulicheka sana, mpaka mjomba mwenye njaa yake alipochoka kucheka, akaokota mpini wa jembe na kuuinua juu. Hapo Meneja alitoa meno. Basi, nikajua yamekwisha, maana mbwa akimuuma mjomba wa mume wangu, hakuna atakayenisikiliza tena.

Mama mkwe alipita mbio mbele yangu. Alijiweka kati ya mpini na mbwa, akamshika Meneja ukanda wa shingoni kwa mkono mtupu, akamwambia kaka yake aushushe mpini huo, kwamba jogoo amesamehewa na leo kinaliwa kilichopo jikoni. Mjomba alikula maharage. Na sikufichi, aliongeza sahani.

Tulipokuwa tunaosha vyombo niliona mikono ya mama mkwe inatetemeka mpaka sahani zinagongana. Nikamuuliza kama anaumwa. Mama, aliniambia kwamba anaogopa mbwa kuliko kitu chochote duniani. Alipokuwa msichana mbwa alimrarua paja, na kovu alinionyesha, refu kama kiganja changu. Miaka yote ya kazi alikuwa anazunguka njia ya mbali kwenda hospitalini ili asipite penye mbwa. Na siku zote hizi, kabla ya kutoka na ile kamba, alikuwa anasimama nyuma ya mlango wa jikoni mpaka apate moyo wa kuufungua.

Nikamuuliza kwa nini basi alijitesa hivyo. Akasema wodini ameona vilio vya kila namna, na siku ile nilipolia kwenye vumbi alijua sikuwa namlilia mbwa. Kuku mwingine angempata sokoni, lakini mimi nilikuwa nimeingia kwake na kitu kimoja tu cha baba yangu, na hakutaka kuwa mtu wa kuninyang'anya. Nilimkumbatia na povu langu mikononi.

Kwa hiyo jibu lako ni hili: Meneja yupo, na hatoki. Mama mkwe anakusalimu sana na anasema uje, atakutandikia chumba cha chini usipande ngazi. Ameniomba nikuambie bado anaogopa, hasa Meneja akipiga miayo. Lakini ninapoandika ninawaona uani. Mbwa amemlalia miguuni, anakoroma, naye chai yake imekwisha zamani na anaona vibaya kumwamsha.

Ni mimi, kitindamimba wako, mwenye mama wawili.