Nywele za Kwenye Foronya

Makongeni, Thika
Jumanne, 10 Juni 2025

Kwa dada yangu Lynn,

Pokea salamu zangu, wewe na Muriithi pamoja na watoto. Natumaini baridi ya Nyeri mwezi huu haijawashinda, na kwamba kile kikohozi cha kitinda mimba wako kimepungua. Huku tunaendelea. Mama ana miguu yake ileile, lakini anakula vizuri na kanisani anafika. Mimi mwili wangu ni mzima.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi kutoka kwa mtu ambaye angeweza kukupigia. Simu nimejaribu. Kwenye shajara yangu kuna siku sita nilizoandika "Mwambie Lynn", na chini ya kila moja nimeandika tulichozungumza hatimaye: mvua, mitihani ya shule yako, miguu ya Mama. Kwenye simu wewe huuliza haraka na mimi hujibu lile lililo rahisi. Kwenye grupu ya familia yumo Tata Maggie, na unamjua shangazi yetu kwa maneno. Kwa hiyo naandika, na naomba usome mpaka mwisho kabla ya kufungua ile bahasha ya kaki iliyo ndani ya kifurushi. Najua umeshaifungua. Basi soma tu.

Nitaanza na kichwa changu. Tarehe 6 Oktoba mwaka jana nilifumua mistari nikaona uwazi utosini, ukubwa wa kizibo cha soda. Kufikia katikati ya Novemba ulikuwa umefika kifuniko cha kopo la siagi, na nywele za mbele zilikuwa zimekimbia kutoka kwenye paji la uso. Nilienda kwa daktari wa ngozi. Aliniangalia kwa kioo chenye taa, akasema miaka mingi ya kusukwa kwa kuvutwa imeua mizizi. Za mbele huenda zikarudi nikizipumzisha, lakini utosini pameshakuwa kovu, na nywele haioti kwenye kovu. Alisema hivyo kama mwenye duka anavyokuambia mkate umeisha. Nilipomuuliza nifanye nini, akasema nichague kitu cha kuvaa kisichovuta. Kuchagua! Nimejaza kurasa thelathini na moja za shajara kwa sababu ya hilo neno.

Kabla hata sijachagua, kila mtu alikuwa na dawa. Maji ya kitunguu, mafuta ya nyonyo, majani ya chai yaliyolala. Mwanamume akiwa na kipara watu husema ana akili au ana pesa, na hakuna anayemletea kitunguu. Nilianza kufunga kitambaa, na siku ya Krismasi wewe mwenyewe ulisema mbele ya meza nzima, "Wakonyo, hicho kitambaa utazikwa nacho?" Watu walicheka. Nimefungua ukurasa wa siku hiyo sasa hivi. Umeandikwa: "25 Desemba. Nimecheka."

Hukujua, na sikulaumu. Lakini nataka ujue nilikuwa nimetoka wapi siku hiyo. Novemba nilikuwa nimeenda kwa Trizah, yule mwenye saluni karibu na stendi, akanihakikishia kwamba nywele za kushonea zitafunika kila kitu. Sasa, za kushonea hushonwa juu ya mistari, na mistari husukwa kwa nywele zako mwenyewe. Alivuta za pembeni zivuke uwazi zikutane upande wa pili, kama mtu anayefunga gunia lililojaa kupita kiasi. Machozi yakanitoka. Trizah akasema, "Vumilia mummy, urembo ni uchungu." Nilivumilia siku kumi na tisa. Tulipofumua, ule uwazi ulikuwa umepata jirani.

Nikajaribu zile za vibanio. Kibanio hushika nywele, na mimi nywele za kushikwa ndizo sikuwa nazo. Jumapili ya kwanza tu, tulipoambiwa tusalimiane, mama mmoja alinikumbatia na akabaki na kipande mkononi. Alikitia kwenye mkoba wangu, akasalimia anayefuata. Mungu ambariki. Sijarudi kukaa upande ule wa kanisa.

Halafu wigi. Unajua kazi yangu: tunapakia maembe na mananasi yaliyokaushwa. Mlangoni tunapitishwa rola yenye gundi mabegani kuondoa nywele, tunavaa kofia ya wavu, ndipo tunaingia. Tarehe 12 Desemba nywele ilipatikana ndani ya pakiti ya maembe. Supavaiza aliiweka juu ya karatasi nyeupe, akaipima kwa rula: sentimita thelathini na moja, rangi ya kahawia. Akaisogezea kiberiti, ikajikunja na kuyeyuka. Tulikuwa wanawake kumi na mmoja kwenye laini ile, na mimi peke yangu sikuhitaji kuuliza ni ya nani. Nilipewa barua ya onyo: ikipatikana ya pili, naondoka. Lebo ya wigi ilisema ni nywele halisi za binadamu. Ni binadamu gani anayeyeyuka kama mfuko wa plastiki? Nilimrudishia aliyeniuzia. Alinitazama tu akasema, "Lakini si lilikukaa?"

Januari nikabandikwa wigi la lesi kwa gundi. Hilo halikupukutika, nakubali. Lilikaa siku tisa na jasho la kiwandani, na nilipolitoa liliondoka na nywele zangu za mbele pamoja na ngozi. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 18. Nilipita nyumbani Gatongora nikijua Mama yuko kwenye mkutano wa akina mama, nikamkuta wifi yetu Jentrix peke yake akifua. Sikuwa nimepanga kumwonyesha mtu. Alinikalisha kwenye kigoda, akachemsha maji, akaleta mafuta ya kupikia, akatoa ile gundi kidogo kidogo kwa karibu saa mbili. Hakuniuliza swali hata moja. Alipomaliza alinifunga kitambaa, akamwaga yale maji nyuma ya nyumba, akasema, "Hii imebaki kwa beseni, wifi." Katika ukoo wetu wote, ni mke wa kaka yetu Philip tu aliyekuwa ameona kichwa changu. Kumbuka hilo beseni, Lynn.

Mwezi wa Februari nilimpata Nzau. Ni kinyozi hapa Thika, na wanaume wenye vipara huingia kwake kwa mlango wa nyuma. Alikuwa mtu wa kwanza kuuliza kabla ya kuuza. Aliuliza nimebaki na nywele gani zenye nguvu, natokwa na jasho kiasi gani, nainama mara ngapi kazini, naweza kurudi kwake kila baada ya wiki ngapi. Alinifunga kichwa kwa karatasi laini ya plastiki, akabandika selotepu juu, akachora kwa kalamu mpaka wa uwazi wangu. Nilikaribia kulia kwa sababu tu mtu alikuwa amepima. Kile anachotengeneza hukiita sistimu: wavu mwembamba uliokatwa kwa umbo la sehemu yako, nywele zimefungwa juu yake, unashikizwa pale penye nguvu bila kuvuta. Lakini nywele alizokuwa nazo zilikuwa zimenyooka, na kando ya zangu zilionekana kama kamba ya nailoni juu ya gunia la katani. Tena hupukutika. Kwa kiwanda kama chetu, alisema, dawa ni dredi, kwa sababu dredi imeshikamana. Ila hanunui dredi za mjini. Siku hizi watu hukatwa zao njiani zikauzwa, na yeye hataki kushona kichwani mwa mteja nywele iliyoliliwa na mwenyewe. "Kama una ndugu aliyekata zake, lete," aliniambia. "Nywele ya nyumbani haibishani na kichwa."

Tarehe 8 Machi alinishonea. Lynn, nilijitazama kwenye kioo nikakaa chini. Nilikuwa mimi. Nililala bila kitambaa, nikaenda kazini, supavaiza akapitisha rola na isipate kitu.

Pasaka mkaja. Ulinishika kichwa kwa mikono miwili pale getini ukasema, "Ngai! Kumbe ulikuwa unafichia dredi huko chini!" Ulisema zinakaa kama zako kabla hujazikata. Nilisema asante.

Baada ya chakula ukaenda kwenye sanduku la Mama kutoa ile foronya ya maua, uwaonyeshe watoto dredi zako za miaka tisa, zile ulizokata ulipoajiriwa shuleni. Ukarudi nayo ikiwa tupu. Philip alitania kwamba panya wameanza kusuka. Ndipo Tata Maggie akasema nywele ya mtu haina miguu, na akauliza ni nani hufagia chumba kile, hali kila mtu alijua. Akaongeza kwamba kuna watu ambao kwao nywele ya mtu ni kazi ya waganga. Jentrix alikuwa amesimama na sufuria mkononi. Alisema, "Sasa mimi nywele ya mtu nitapika?" Wewe hukumtukana. Ulimwambia kwa upole, "Jentrix, kama ulizitupa bila kujua, sema tu, hakuna ubaya." Uliona umemsaidia. Mimi nilikuwa nimekaa kati yako na Mama, nimeshika sahani. Jentrix alinitazama mara moja tu, kisha akatazama sufuria yake.

Mengine unayajua. Jumatano alibeba mtoto na nguo akaenda mtaa wa Landless kwa rafiki yake wa kanisani. Philip anakula nyumba mbili na hashibi kokote. Mama hufunga sanduku kwa kufuli. Na Jumamosi hii, tarehe 14, mjomba wake Odongo anakuja na wazee wawili kutoka Busia kutuuliza kama binti yao ni mwizi au ni mchawi, ili wajue ni neno gani la kurudi nalo.

Dada, ni mimi. Jumapili tarehe 2 Machi, Mama akiwa kanisani na Jentrix akianika nguo, nilifungua sanduku nikatia dredi zako kwenye mkoba wangu. Siku tatu kabla yake nilikuwa nimekupigia ili nikuombe. Ulinieleza habari za mitihani na mimi nikakutakia usiku mwema. Sikuweza kusema neno "kipara" kwa mdomo wangu. Nzau nilimwambia umenipa. Alizifupisha, akazitia rangi nyeusi. Kichwa ulichokisifu getini kilikuwa chako. Na kwenye shajara, ambayo sijawahi kuidanganya tangu kidato cha pili, siku hiyo ya Pasaka nimeandika mstari mmoja: "Mvua kidogo mchana."

Juzi Jumapili nilienda kwa Jentrix. Kutoka kwangu hadi Landless si mbali kwa miguu, na nilichukua wiki saba kufika. Nilikuwa nimepanga maneno. Hakunipa nafasi. Alinivutia kiti akasema alijua tangu ile Pasaka: nilipoinama kuchukua upawa, aliona dredi moja yenye uzi wa bluu, ule uliofunga siku ya mahafali yako. Nilimwomba Nzau autoe, lakini umeingia ndani, hauwezi kutoka bila kukata. Tuliigeuza tu ielekee shingoni. Nilimuuliza Jentrix kwa nini hakusema, hali alikuwa akiitwa mwizi mbele ya mtoto wake. Alinijibu, "Ningesema, wangekuvua hapo hapo. Na chini ya hiyo nywele kuna kitu nilisema imebaki kwa beseni." Alidhani nitasema mwenyewe jioni ile. Akadhani Jumatatu. Akadhani atakapofunga mizigo. "Nimekungoja wiki saba, wifi," alisema. "Saa hizi nimechoka."

Jana nilienda kwa Nzau akazitoa. Ziko kwenye bahasha ya kaki, sitini na nne. Zimefupishwa na rangi haitoki, na kwa hilo sina la kujitetea. Yenye uzi wa bluu nimeiweka juu. Leo nimeenda kazini na kofia ya wavu na chini yake hakuna kitu. Bado nina hasira na Trizah, na lebo, na gundi, na yule daktari, na kila aliyeniambia kitunguu. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyetia mkono kwenye sanduku.

Jumamosi nitakaa mbele ya Mzee Odongo kichwa wazi na kusema kama nilivyokuandikia. Lakini neno langu litamwondolea Jentrix wizi tu. Lile swali la "kama ulizitupa" lilitoka kwako, na siwezi kulirudisha kwa niaba yako. Tafadhali, mpigie yeye kabla ya Jumamosi, na kabla ya kunipigia mimi. Ukimaliza na yeye na ukaona huna la kuniambia, nitaelewa.

Nisalimie Muriithi na watoto, uwaambie mama mdogo wa kichwa cha kung'aa anakuja Agosti kama bado anakaribishwa. Mama anawasalimu sana, ingawa hajui ninayoyaandika. Naye ataambiwa kesho. Mungu awalinde.

Ni mimi mdogo wako,
Wakonyo

N.B. Kama uliifuta nambari ya Jentrix, nimeiandika nyuma ya bahasha ya kaki.