Mkono niliomnyima Furaha

Mjukuu wangu Neema,

Huku Mapendo tuko wazima, na mama yako amepona malaria. Unauliza kama uhame chumba kwa sababu mwenzako ana magamba mikononi, ingawa daktari amesema hayaambukizi.

Nilipokuwa kijana, jirani yetu Furaha alikuwa na ugonjwa kama huo. Siku moja alininyooshea mkono mbele ya watu. Nikampa kifundo cha mkono, kama mtu mwenye viganja vichafu.

"Niko na matope," nikasema.

Alitazama kiganja changu kisafi, akacheka. "Matope iko wapi, papa?"

Tangu siku ile alimpa kila mtu kifundo, hata watoto. Alihamia Kalengera kabla sijamwomba radhi.

Usihame. Kesho mpe mwenzako kiganja.

Babu yako