Yai la Kwenye Tundu la Ukuta

Aneti mjukuu wangu, shikamoo yako imefika Uru, marahaba. Tu wazima. Shangazi yako anaandika, mimi nasema.

Unauliza kwa nini mwalimu wenu wa maabara anaziba taa ya mashine, abakize upenyo mdogo tu, ndipo mashine ione dawa ndani ya kibomba chembamba kama unywele.

Nilipoolewa, mama mkwe alinipa yai la kuku aliyekuwa anaatamia. "Tupa, hilo viza." Nikaliinua mlangoni penye mwanga tele, sikuona kitu. Nikalibana kwenye tundu la ukuta lililopitisha jua, nikaziba pembeni kwa viganja. Ndani kitu kikadunda.

"Mama, li hai!"

"Basi rudisha, mbishi wewe."

Mwanga uliopita pembeni haukuligusa yai, mjinga wangu. Mwanga huo ungeniambia nini? Na taa ya mwalimu wako ni vivyo hivyo.

Njoo Krismasi. Kuku tutakayemchinja ni wa ukoo wa yai lile.

Bibi yako